Kitalu cha Mkwe

Miche ya Lufeyo ilianza kulala siku ya soko, na kabla watu hawajarudi sokoni kijiji kizima kilikuwa na la kusema. Haikulala yote kwa pamoja. Ililala kwa mafungu, hapa duara kama sahani, pale duara kama ungo, utadhani kuna mtu kaja akaikalia.

Dailesi alimkuta mumewe amechuchumaa kando ya kitalu, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani.

"Baba Tione, umepoteza nini huko chini?"

"Njoo uone mwenyewe. Jana nyanya zilikuwa zimesimama kama watoto wa shule kwenye mstari. Leo hebu ziangalie."

Dailesi akainama. Majani bado yalikuwa ya kijani, tena mazuri. Lakini pale shina linapoingia ardhini, mche ulikuwa umegeuka kahawia na kuwa mwembamba kama uzi uliolowa. Akaugusa mmoja kwa kidole. Ukalala bila ubishi.

"Ni sota, yule funza wa udongoni," alisema Lufeyo. "Anakuja usiku anakata."

"Basi tumfukue."

Walifukua. Hawakuona sota, hawakuona hata mchwa. Walichopata ni matope kwenye kucha, na sauti ya Beneti nyuma yao.

Beneti alikuwa mume wa Meliya, dada yake Dailesi. Mdomo wake haukujua likizo.

"Mwanyumba! Miche imechoka? Itandikie mkeka ilale vizuri!"

"Pita na njia yako, Beneti."

"Napita, napita. Ila siku ukikunja mkeka wako urudi kwenu, hiyo kofia uniachie. Wewe kule kwenu kuna vivuli."

Lufeyo akacheka, maana mkwe asiyecheka anaambiwa ana kiburi. Dailesi hakucheka. Alijua utani ule una ncha. Huku mwanamume akioa huhamia kwao mke, na ardhi anayolima ni ya mama mkwe na ndugu zake. Neno la mwisho analo mjomba. Na Mjomba Zakeyo alikuwa ameshasema mbele ya watu wote: mwaka jana Lufeyo aliua kabichi zikiwa bado kitaluni, mwaka huu akiua na nyanya, shamba la bondeni, lile la kando ya kijito lisilokauka hata kiangazi, atapewa Beneti. Lufeyo naye hakuwa mtu wa kukaa akitazama wenzake wanalima. Alisema bonde likienda, yeye anakwenda Thyolo kuchuma chai.

Dailesi aliwajua wanaume waliokwenda kuchuma chai. Mmoja alituma sukari mara moja. Mwingine alituma salamu.

*

Jambo jingine lililofanya nyumba ile iwe ngumu kuendesha ni kwamba mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Ni heshima. NaPhiri, mama yake Dailesi, akimwona Lufeyo njiani alikuwa anaingia porini hata kama kuna miiba. Lufeyo akimsikia NaPhiri anakohoa, alikuwa anageukia ukuta. Wakiwa na neno la kuambiana walimpa Dailesi alipeleke, na Dailesi akiwa hayupo, walikipa chochote kilichokuwa karibu.

Jioni ile alikuwepo, lakini alikuwa anasonga sima, mikono yote miwili imeshika mwiko. Kwa hiyo kazi ikamwangukia kuku.

"Wewe kuku," alisema NaPhiri, amesimama nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo ameelekeza uwanjani. "Hebu niulizie. Mche ukilegea majani, hiyo si kiu?"

Lufeyo akamtazama kuku. "Kuku, mwambie mama, asubuhi nimemwagilia mpaka chini."

"Kuku, mwambie upepo wa huku si wa kwao. Wa huku unakausha."

"Kuku, mwambie asante. Nitaongeza maji."

Kuku akaona mazungumzo yamemzidi, akaenda zake kulala.

Lufeyo kweli akaongeza. Na miche nayo ikaongeza kulala. Kila asubuhi yale maduara yalikuwa yamepanuka, na kila asubuhi Beneti alipita na salamu mpya. Siku moja aliuliza kama anaruhusiwa kuongea kwa sauti au wagonjwa wamesinzia. Kisimani nako wanawake walinyamaza Dailesi alipofika, halafu mmoja akamwuliza kwa upole uliopita kiasi, "Mama Tione, na chai ya Thyolo siku hizi inalipa?"

Dailesi alijitwika ndoo yake, akarudi nyumbani akiwa amenyooka kama mlingoti. Alipofika alichomoa mche mmoja na udongo wake, akaufunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka bila kuaga.

*

Bi Tamandani, mlangizi, yaani mshauri wa kilimo, alikuwa mbele ya duka, anahangaika na pikipiki iliyogoma kuwaka. Alifurahi kupata sababu ya kuiacha.

"Umeniletea mgonjwa? Lete tumwone."

Akaulaza mche kiganjani. Akashika mzizi kwa vidole viwili, akauvuta taratibu. Ganda la mzizi likateleza lote, kama soksi iliyolowa, ukabaki uzi katikati.

"Umeona? Mzizi mzima ni mweupe, unauvuta unakukatalia. Huu umeoza. Na shina limeanzia kuoza hapa, kwenye usawa wa udongo."

"Sisi tulisema sota."

"Sota anakata kama mkasi, halafu ukifukua unamkuta amejikunja palepale, ameshiba. Hapa hakuna aliyekata. Hapa kuna maji. Nani anamwagilia?"

"Mume wangu. Alfajiri."

"Peke yake?"

Dailesi akatazama pikipiki. "Peke yake… na mimi."

"Wewe saa ngapi?"

"Nikimaliza kuosha vyombo. Kidogo tu, Bi mlangizi. Yeye ana kifua, na baridi hii. Nilijua baridi ikimzidi anakata hesabu, anamwaga nusu ndoo anarudi kitandani. Sasa namalizia."

"Na yeye anajua?"

"Mwanamume unamwambiaje kwamba unammalizia kazi?"

Bi Tamandani alicheka mpaka akashika kiti cha pikipiki. "Na mwaka jana hapo mlikuwa na nini?"

"Kabichi. Nazo zilikufa."

"Palepale?"

"Palepale. Ni karibu na nyumba, na udongo umeshalainika."

"Basi ugonjwa haujaja, dada. Ulikuwa umejilalia mlemle ndani unawasubiri, nyie mkaja na maji mkauamsha. Sasa sikiliza. Mche ulioanguka hauna dawa, usijisumbue nao. Uliosimama dawa yake ni kupumua. Ng'oeni wagonjwa na udongo wao, mkatupe mbali, si kwenye samadi. Iliyosongamana mipunguzeni, upepo upite katikati. Nyasi mlizotandaza juu ziondoeni. Maji asubuhi tu, tena pale udongo ukikauka. Jioni hata tone lisiguse. Halafu anzeni kitalu kingine, mahali pengine, mkinyanyue juu maji yasituame. Kabla ya kusia mbegu lundikeni mabua na vijiti juu yake mchome, udongo uive. Mmenielewa?"

"Nimeelewa. Ila kupunguza… ning'oe mche mzima?"

"Ung'oe mzima, ndiyo. Itakuuma kidogo. Sasa nisaidie kusukuma hii pikipiki."

*

Kumwambia mumewe ilikuwa kazi kuliko kusukuma pikipiki.

"Baba Tione, mlangizi anasema ni maji mengi."

"Mengi yametoka wapi? Mimi hata baada ya kuongeza namwaga ndoo moja."

"Ndoo nzima?"

"Nzima, mpaka tone la mwisho. Kwani uliwahi kuniona nikimwaga nusu?"

Dailesi akakwangua sufuria isiyokuwa na ukoko. "Basi na mimi nilikuwa namwaga."

"Wewe pia nini?"

"Na mimi ndoo moja. Baada ya vyombo."

Dailesi akangoja ukali. Ukaja mguno, halafu kicheko kilichogeuka kikohozi.

"Mke wangu. Yaani tumeizamisha wawili."

"Tulikuwa tunaisaidia."

"Tumeisaidia kweli. Tukisaidia tena hivi, tutakutana Thyolo."

Wakakubaliana. Hakuna maji mpaka udongo ukauke. Manyunyu nayo yalikuwa yamekatika, jua lilitoka kila siku baada ya ukungu, kwa hiyo udongo ulikuwa na kila sababu ya kukauka. Lakini asubuhi iliyofuata Lufeyo alishika bonge la udongo akalikamua, na maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi ya pili vilevile. Na pembeni ya kitalu, kwenye tope, palikuwa na alama ya mguu.

"Beneti," alisema Lufeyo, na safari hii hakucheka. "Anatuharibia ili apewe bonde."

"Huo mguu hauna kiatu. Beneti anavaa kandambili hata usingizini."

"Amevua ili tusimjue."

"Mguu wenyewe mdogo."

"Ameukunja!"

Dailesi aliona hakuna faida kubishana na mtu aliyeanza kukunja miguu ya wenzake. Jioni, watu walipokuwa kwenye shughuli za chakula, wakajificha nyuma ya ghala la mahindi. Lufeyo alikuwa ameshika mpini wa jembe. Dailesi alikuwa ameshika mkono wa Lufeyo.

Hawakungoja sana. Kwenye kona ya jiko kikatokea kivuli, ndoo kichwani. Kikasimama, kikatazama kushoto, kikatazama kulia, kama mwizi wa kuku. Kikaja kwa vidole vya miguu mpaka kitaluni. Kikashusha ndoo, kikachota kwa kopo, kikaanza kumwaga polepole, mche kwa mche.

"Kunyweni, wanangu," kilisema kivuli, kwa sauti ya NaPhiri. "Kunyweni mnyanyuke. Msiniaibishie mkwe wangu mbele ya wale wanaocheka. Haya, na wewe mdogo, kunywa."

Mpini ukamtoka Lufeyo mkononi. Ukaangukia mtungi, na mtungi ukalia.

"Nani hapo?"

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Lufeyo asingeweza kujitokeza mbele ya mama mkwe, tena jioni, tena amenyemelea. Asingeweza pia kukimbia, maana njia ilipita pale aliposimama NaPhiri. Akanyakua kitenge cha Dailesi kutoka mabegani, akajifunika kichwa kizima, akachutama. NaPhiri alichokiona ni lundo linalopumua. Akapiga yowe, akalimwagia ndoo yote iliyobaki.

"Mama! Mama, ni sisi!"

"Sisi nani?"

"Mimi Dailesi. Na… na mkwe wako."

NaPhiri akageuka haraka, mgongo kwao, mikono usoni. "Yesu wangu. Nimemlowesha mkwe."

"Mwambie haidhuru," lilisema lundo, meno yanagongana.

"Anasema haidhuru, mama."

"Nimesikia! Mwulize, alikuwa anafanya nini nyuma ya ghala langu?"

"Mwambie namvizia mwizi wa… mwambie nilikuwa natafuta jembe."

Dailesi, maji yanamchuruzika mgongoni, alitazama upande huu, akatazama upande ule. Uvumilivu ukamwisha. "Mama, ni wewe unayemwaga maji jioni? Tangu lini?"

"Tangu ziote. Yeye anamwaga asubuhi tu. Siku nzima mtoto anywe mara moja? Ningemwambia, nimwambieje? Kuku wenyewe hawasikii."

"Mama, mimi pia nilikuwa namwaga. Mchana."

NaPhiri alishusha mikono usoni. "Na wewe?"

"Sote watatu. Imeoza mizizi, mama. Hatukuinyima maji, tumeizamisha."

"Mche umelegea hivyo, unaniambia umeshiba?"

Lufeyo hakuvumilia tena. Akatoka na kitenge chake kichwani, akapiga magoti kitaluni, akachomoa mche ulioanguka, akauvuta ganda la mzizi kama Dailesi alivyomwonyesha. Likateleza. Akauweka chini. NaPhiri akasogea kinyumenyume, akainama, akauokota. Akavuta na wake.

"Huu je?"

"Huo bado, mama. Mzizi mweupe. Umepona."

"Na huu?"

"Huo umekwisha. Tazama hapa kwenye shina."

"Kumbe! Maskini. Na mimi nauimbia."

Walikuwa wameshafika mche wa nne au wa tano, vichwa vinakaribia kugongana, ndipo wote wawili wakagundua. NaPhiri akajitupia kanga ya kiunoni usoni. Lufeyo akaangukia upande wa pili wa kitalu.

"Kuku mmoja," ilisema sauti ya NaPhiri chini ya nguo. "Nimesema na mkwe. Natoa kuku wa faini."

"Kuku wawili," alisema Dailesi. "Na mkwe naye kajibu."

*

Kazi ya kesho yake ilikuwa ya watu watatu wasiotazamana. Lufeyo alianzia upande wa mashariki, NaPhiri upande wa magharibi, na Dailesi katikati kama ukuta. Waling'oa miche iliyooza, wakachota na udongo wake, wakaenda kuitupa mbali, ng'ambo ya barabara. Wakaondoa nyasi. Wakanyunyiza jivu kavu juu ya udongo mpaka kitalu kikawa na mvi. Ilipofika kupunguza miche mizima, NaPhiri hakuweza. Kila alioung'oa aliurudisha.

"Dailesi, mwambie mumeo huu una sura nzuri."

"Mama, yote ina sura nzuri. Ng'oa."

"Mwambie basi afumbe macho na mimi nifumbe."

Kitalu kipya walikiweka nyuma ya nyumba, mahali pasipowahi kuoteshwa mboga. Lufeyo alinyanyua tuta, na Beneti, aliyekuja kucheka, alijikuta amebeba mabua ya mahindi.

"Mwanyumba, sasa unaipikia?"

"Naipikia udongo. Weka hapo."

"Nyanya zako zina mambo. Zinalala kama wazee, zinapakwa jivu, sasa zinapikiwa." Lakini aliweka, akarudi kuleta mengine, na moto ulipowaka aliota na yeye, maana baridi haina utani.

Siku hizo adhabu kubwa ilikuwa ya NaPhiri. Jioni ikifika mikono ilimwasha. Dailesi alificha ndoo nyuma ya kinu, chini ya gunia, na bado alimkuta mama yake anazunguka uwanja na kikombe cha maji ya kunywa, anadai ana kiu yeye mwenyewe. Siku moja alimwona anamwagilia kisiki.

"Mama, hicho kimekufa zamani."

"Najua. Niache nacho."

Kwenye kitalu cha zamani yale maduara hayakupanuka tena. Miche iliyobaki ilikuwa michache, lakini ilinenepa shina, na ukiitikisa ilikurudishia. Kwenye kitalu kipya mbegu ziliota pamoja, zimeachana vizuri, na asubuhi zilikuwa zinasimama bila mtu wa kuzibembeleza.

*

Mjomba Zakeyo alikuja kukagua siku aliyosema, fimbo mkononi, Beneti na Meliya nyuma yake. Lufeyo alivaa shati la kanisani. Dailesi alileta togwa. NaPhiri alikaa mlangoni pa jiko, mgongo nje, sikio nje pia.

Mjomba alizunguka kitalu cha zamani mara moja.

"Hapa nusu imekufa."

"Imekufa, mjomba," alisema Lufeyo.

"Na mwaka jana zilikufa."

"Zilikufa."

"Hm." Akaenda kwenye kitalu kipya. Hapo alikaa kitambo. Aliinama, akapapasa udongo kwa kiganja, na uso wake mkali ukalainika kama wa bibi anayemwona mjukuu mchafu. "Lakini jamani! Udongo mkavu huu! Watoto wana kiu, nyie mmekaa tu mnanitazama!"

Na kabla mtu hajafungua mdomo, Mjomba Zakeyo alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kinu, akainua gunia, akatoa ndoo.

"Acha!" walipiga kelele wote, hata Beneti.

Mjomba akasimama, ndoo mkononi.

NaPhiri alikuwa ameshageuka mlangoni, heshima ameisahau ndani. "Zakeyo. Ndoo hiyo nimefichwa mimi mwenye nyumba. Wewe umejuaje inapokaa?"

Mjomba akatazama ndoo kama vile ndiyo iliyomfuata. "Si… ndoo ya maji huwa inakaa karibu na kinu."

"Tangu lini?"

"Dada, mbele ya wakwe!"

"Mbele ya wakwe hao hao. Tangu lini?"

Mjomba akakohoa. Akaweka ndoo chini taratibu. "Nikipita mchana kutoka bondeni, mnakuwa hampo. Nachungulia tu. Sasa nione kitu kina kiu nipite? Namwaga kopo. Makopo. Si mengi."

"Na kabichi za mwaka jana?" aliuliza Dailesi.

"Kabichi zile zilikuwa na kiu zaidi."

Beneti ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kandambili ikamtoka. Meliya akafuata, Dailesi akafuata, NaPhiri akajifunika uso lakini mabega yalimshitaki. Lufeyo alijizuia kadiri mkwe anavyopaswa kujizuia, akageukia ukuta, na ukuta ukasikia kila kitu.

Mjomba alingoja wamalize. Alikunywa togwa yake mpaka chini, akafuta sharubu, akachukua fimbo.

"Nilisema bonde nitampa anayeweza kulea miche," alisema. "Miche hii imenusurika mikononi mwangu, na mwa dada yangu, na mwa Dailesi, na mwa mwenyewe. Kule bondeni kutakuwa na kitu gani cha kuishinda? Bonde ni la Lufeyo. Beneti, acha kucheka, utasaidia kuchimba mashimo."

Kisimani jioni ile Dailesi alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Hakuna aliyemwuliza habari za chai.

Walihamisha miche asubuhi yenye ukungu. Kuku wawili walikuwa wameshaliwa, mmoja wa NaPhiri na mmoja wa Lufeyo, na mjomba alitoa wa tatu bila kuambiwa. Bondeni udongo ulikuwa mweusi na kijito kilisikika chini ya matete. Lufeyo alishindilia mche wa mwisho, akanyooka, akasimamisha jembe mbele yake, akalisemesha.

"Wewe jembe. Mwambie mama, kuanzia kesho zamu ya maji ni yake. Asubuhi tu."

Ng'ambo ya mtaro NaPhiri alikuwa amegeuzia mgongo shamba zima. Ndoo tupu ilikuwa kwapani.

"Jembe, mwulize. Ni makopo mangapi?"

"Jembe, mwambie moja kwa kila mche."

"Jembe, mwambie nimesikia." Akatembea hatua chache kuelekea nyumbani, akasimama. "Halafu mwambie, kopo langu ni kubwa."

"Mwambie tunalijua," alisema Lufeyo. "Jana nimelitoboa."